Damu Iliyokorogwa

Watu wa Isangabuli walikuwa na majina mawili ya kumwita Mwahija binti Hatibu. Mbele yake alikuwa Mama Mwasiti, kwa heshima ya bintiye wa pekee. Akishawapa mgongo alikuwa Bibi Vinyesi. Alilijua jina hilo la pili tangu wiki ya kwanza alipohamishiwa pale kwenye kituo cha afya, kandokando ya barabara itokayo Ushirombo kwenda kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita, wala hakuona sababu ya kugombana nalo. Kazi yake ilikuwa kupima. Wangemletea asali angepima asali, lakini walimletea makopo yaliyofunikwa kwa majani ya mgomba, naye aliyapima kwa miaka saba mfululizo, hivyo kama alikuwepo mtu aliyewajua wanakijiji ndani na nje, ni yeye. Kilichomuudhi ni kimoja tu. Kwenye arusi na misiba hakuna aliyepokea chakula kutoka mkononi mwake, hata akinawa kwa sabuni mbele ya macho yao, na mwaka ule wa themanini na tatu sabuni haikuwa kitu cha kuchezea.

Jumatatu moja ya mwezi wa tano, mvua zikiwa zimekwisha na pamba ikianza kupasuka mashambani, aliingia kituoni bibi mmoja mrefu aliyevaa kaniki, mtoto mchanga begani. Nyuma yake, hatua kumi nzima, alifuata binti wa miaka kumi na tisa hivi, mikono mitupu, kifua cha gauni lake kimelowa. Mwahija alikuwa dirishani mwa maabara akisafisha vioo. Hakuhitaji hadubini kuona kwamba hapo pana neno.

Bibi alikuwa Mageni, mjane mwenye ng'ombe wengi kuliko wanaume wengi wa kata ile. Binti alikuwa Nyamizi, mke wa mwanawe Makoye. Mtoto alikuwa Paskazia, miezi saba, siku ya nne ya kuharisha maji matupu, macho yamezama, ngozi ya tumbo ukiivuta inabaki imesimama. Bwana Nassibu, mganga wa kituo, hakupoteza muda. Alichanganya maji, chumvi na sukari ya akiba, akaanza kumnywesha kijiko kimoja kimoja, na hadi saa sita mtoto alikuwa ameanza kulia na machozi yakitoka. Bwana Nassibu aliyashangilia machozi yale kuliko watu wanavyoshangilia bao.

"Sasa anyonye," alisema, akimnyooshea Nyamizi mtoto.

"Hanyonyi," alisema Mageni, akamchukua yeye. "Nimemwachisha siku ya tatu leo. Mtoto huyu amebemendwa."

Hilo si neno dogo. Makoye alikuwa akichimba dhahabu huko Nyarugusu, na mwishoni mwa mwezi wa nne alirudi nyumbani siku mbili. Siku kumi baada ya kuondoka kwake mtoto akaanza kuharisha. Kwa Mageni hesabu ilikuwa imekwisha: mke ananyonyesha, hakuvumilia, amelala na mume, maziwa yamechafuka, yanamuua mtoto. Dawa yake ni kumtenga mtoto na titi, na kumrudisha mwenye titi kwa wazazi wake akafundwe upya. Lori la kwenda Kishapu, kwao Nyamizi, lilikuwa likipita Ijumaa asubuhi. Nafasi ilikuwa imekwishawekwa.

Nyamizi alikuwa akitazama mdomo wa mwanawe, uliokuwa ukitafuta kwenye kaniki ya bibi yake kitu kisichokuwepo.

Mwahija alikuwa na hasira za karibu, na siku hiyo zilikuwa karibu zaidi. Alifungua mdomo, akakutana na jicho la Bwana Nassibu, akaufunga. Alijua atakachoambiwa. Tiba ni yetu, nyumba ni zao. Basi akafanya alichoajiriwa kufanya: alichukua kopo la Paskazia akaenda nalo maabara.

* * *

Hapa ni lazima nimtaje Daktari Euphrasia, ingawa hakuwepo. Mwaka uliotangulia mama huyu alikuja kutoka Dar es Salaam na masanduku sita, akakaa miezi mitatu akichunguza watoto wanaoharisha, na katika muda huo alimfundisha Mwahija mambo ambayo chuoni hakuyasikia. Alipoondoka alimwachia daftari lenye maelekezo, kigae cheupe chenye vishimo, kichupa cha sukari ya ajabu isiyofaa kwa chai, na sanduku la mbao lenye taa ya chemli chini yake, ambamo bakteria huota kwa joto kama la mwili wa mtu. Bwana Nassibu aliliita sanduku hilo kiota cha kuku. Mwahija alilipenda kama mtoto wake wa pili.

Daktari Euphrasia alikuwa amemweleza hivi. Utumbo ni mfereji, na mambo ndani yake hayasimami. Bakteria anayemezwa na maji machafu husukumwa na mkondo mpaka nje bila kufanya lolote, isipokuwa awe na namna ya kushika. Wapo wenye namna hiyo. Miilini mwao wameota vinywele vyembamba mno, hadubini ya kituo haiwezi kuviona, na kwa vinywele hivyo hujishikiza kwenye seli za ukuta wa utumbo. Akishashika, mkondo haumwezi tena. Anazaana palepale, anatema sumu, na ukuta wa utumbo unaanza kuvuja maji mpaka mtoto anakauka kama kisima cha mwezi wa kumi.

"Na tutajuaje kwamba huyu anashika na yule hashiki?" Mwahija aliuliza siku hiyo. "Tumpasue mtoto?"

"Tumia damu," alisema Daktari Euphrasia. "Seli nyekundu zina mahali pa kushikwa panapofanana na pale pa utumbo. Changanya tone la damu na tone la bakteria kwenye kigae, tikisa taratibu. Wakishika, kila mmoja atazivuta seli mbili tatu, na hizo zitavutwa na wengine, na utaona punje kwa macho yako. Tia na chembe ya sukari hii, maana wapo bakteria wa kawaida wanaoshika pia, lakini hao wakiionja huachia. Wakorofi hawaachii."

Mwishoni kabisa mwa daftari, kwa maandishi madogo, aliongeza kwamba wataalamu wa ng'ambo walikuwa wamejaribu kutia maziwa ya mama kwenye tone kama hilo, na bakteria wakashindwa kushika. Yamkini ndani ya maziwa mna vitu vinavyofanana na mahali pale pa kushikwa, na wakorofi huvikamata hivyo badala ya utumbo, wakatoka navyo mikono imejaa. Mbele ya maneno hayo Daktari Euphrasia alikuwa ameandika: *jaribu siku moja.*

Mwahija hakuwahi kujaribu. Jumatatu ile alipanda kinyesi cha Paskazia kwenye mojawapo ya sahani tano za kuoteshea zilizobaki, akaiweka kiotani, akatengeneza utambi. Jumanne bakteria walikuwa wameota doa kwa doa. Aliwachagua, akawahamisha, akasubiri tena. Jumatano asubuhi aliwaua bakteria kwa formalini ili wasimdhuru mtu, akawaosha kwa maji ya chumvi, akajichoma kidole chake mwenyewe, maana damu yake ilikuwa ya kundi A, lile lililotajwa daftarini. Tone la damu, tone la bakteria, chembe ya sukari. Akatikisa kigae, akahesabu pole pole, na kabla hajafika sitini damu ilikuwa imefanya punjepunje kama uji uliotiwa unga vibaya.

"Umeshika, mshenzi wewe," alisema kwa sauti.

Kisha alimwita Nyamizi, aliyekuwa amekaa barazani tangu Jumatatu kwa sababu hakuna aliyemwambia aende wapi, akamkabidhi kikombe.

"Kamua."

"Mama Mwasiti, ni machafu."

"Nani kasema? Kamua, na tena ukamue kila baada ya muda, mchana kutwa, hata kama unayamwaga. Ukiyaacha yatakauka, na yakikauka hatuna tunachokigombania."

Alichukua tone la maziwa yale, akaliweka kwenye kishimo kingine pamoja na bakteria, akatia damu, akatikisa. Alihesabu mpaka sitini. Mpaka mia. Mpaka mia tatu, mkono umekufa ganzi, na lile tone lilibaki laini, jekundu, limetulia kama halijaguswa. Alirudia mara tatu na mara tatu zote likabaki laini. Mwahija alikaa kwenye kigoda chake akacheka mpaka Bwana Nassibu akaja kuchungulia. Alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuipata katika kazi ile, hata siku moja. Kitu alichokuwa amekisoma kwenye mstari mdogo wa daftari kilikuwa kimetokea mbele yake, Isangabuli, kwenye meza yenye mguu mbovu.

* * *

Mchana huohuo alimwita Mageni, aliyekuwa wodini na mtoto.

"Mwadila, mayu," alimsalimu kwa Kisukuma chake cha kuokoteza, akimwita mama, akamsogezea kiti. Bibi aliitikia, akakaa, Paskazia akiwa amelala mapajani mwake. Nyamizi alibaki mlangoni.

Mwahija alimwonyesha tone la kwanza, lenye punje. Akamweleza wadudu wale wanaoshika. Akamwonyesha tone la pili, laini. "Hili ni lilelile, ila nimetia maziwa ya mkweo. Umeona yalivyofanya?"

Mageni aliinama akatazama kwa makini, jicho moja amelifumba, kama mtu anayekagua jino la ng'ombe wa mnadani. Hakuwa na haraka. Alitikisa kigae mwenyewe. Aliomba kisogezwe kwenye mwanga.

"Nimeona," alisema hatimaye. "Na wewe umeona?"

"Nimeona, mayu."

"Basi asante sana, mwanangu. Nilikuwa nataka mtu wa serikali aone." Alimgeukia Nyamizi. "Maziwa mazuri yanaganda. Nayaweka kwenye kibuyu jioni, asubuhi yamesimama. Yasiyoganda nawamwagia mbwa, na huyo ng'ombe namtafutia mganga. Damu nzuri nayo inaganda. Hapa damu ilikuwa inaganda vizuri, imeshikana, ina nguvu. Yakaingia maziwa ya huyu binti, damu ikashindwa kuganda. Imekuwa maji. Yakiifanya hivyo damu ya mtu mzima kwenye kigae, tumboni mwa mtoto yanafanya nini?"

Mwahija alimtazama bibi, akakitazama kigae. Ubaya ni kwamba hoja ilikuwa nzuri. Ilikuwa imepinda, lakini ilikuwa imesimama kwa miguu yake yote minne, na kila alilomwambia baada ya hapo lilisikika kama mtu anayeshindwa kesi. Alipandisha sauti. Alilitaja jina la Daktari Euphrasia. Alitaja Dar es Salaam, na hilo likawa kosa kubwa kuliko yote, maana Mageni alicheka.

"Dar es Salaam wana ng'ombe wangapi?" aliuliza, akamfunga mtoto mgongoni, akachukua chupa ya maji ya chumvi na sukari aliyopewa na Bwana Nassibu, akaondoka. Mlangoni alimpita Nyamizi bila kumgusa. "Ijumaa," alimwambia.

Mwahija alishika kigae kukivunja. Alikiinua kabisa. Aliona aibu, aibu ya kuleta ushahidi mwenyewe na kuukabidhi upande wa pili. Sasa bibi alikuwa na la kuwaambia kijiji kizima: hata Bibi Vinyesi amepima, maziwa yameonekana mabovu.

"Usikivunje," alisema Nyamizi.

Aliingia ndani, akaketi kwenye kiti alichokuwa amekalia mkwewe. Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayekumbuka mambo ya mbali. "Mama ni mtu wa maziwa na damu. Ndivyo anavyoona kila kitu. Pale nyumbani ng'ombe wakitolewa damu, yeye ndiye anayeikoroga. Hakuna mwingine anayeruhusiwa. Mimi nilijaribu mara moja nikapigwa mwiko wa mkono."

"Anaikoroga ya nini?"

"Ili isigande. Anaikoroga kwa kijiti ikiwa bado ya moto, nyuzi zote zinanasa kwenye kijiti anazitupa. Akishamaliza hiyo damu haigandi tena, hata ukiiacha mpaka kesho. Anasema damu iliyokorogwa imekwisha kusahau kuganda."

Mwahija alikiteremsha kigae mezani taratibu sana. Kisha alimshika Nyamizi mashavu kwa mikono yake miwili, ile ambayo hakuna aliyekubali kuipokelea chakula, akambusu kwenye paji la uso.

"Kamua," alisema. "Kesho tunaenda joshoni."

* * *

Alhamisi ilikuwa siku ya josho. Kata nzima ilileta ng'ombe pale bondeni, vumbi limetanda, harufu ya dawa ya kupe ikichoma pua, vijana wakiwasukuma wanyama mmojammoja watumbukie, waogelee, watokee upande wa pili wakitiririka. Mageni alikuwa juu ya ukingo wa kutokea, fimbo mkononi, akiwahesabu wake kwa majina. Paskazia alikuwa mgongoni. Kichwa cha mtoto kilikuwa kimelala upande na hakikuinuka hata ng'ombe walipopiga kelele. Mwahija alikiona kichwa kile na moyo ukampasuka. Usiku mmoja tu wa uji, na yale maji ya kinyesi yalikuwa yamerudi.

Hakwenda na hasira. Hasira aliiacha kituoni, akaifungia kabatini pamoja na formalini. Alipiga magoti kwenye matope, mbele ya watu, kigae na vichupa vimefungwa kwenye khanga.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba." Mageni alishtuka kuona magoti yale.

"Jana nilikosea. Nilikuletea damu yangu, nawe huijui. Nimekuja unisaidie. Naomba damu ya ng'ombe wako mwenyewe, uliyemchagua mwenyewe. Uikoroge kwa mkono wako."

Watu walisogea. Mageni aliwatazama, akaitazama ile khanga, na Mwahija akaona kitu usoni mwake kikifunguka, kwa sababu hakuna mtaalamu asiyependa kuombwa utaalamu wake mbele ya hadhara. Bibi aliita jina, na ng'ombe mwekundu, mwenye pembe moja iliyopinda, akaletwa. Alimchanja mshipa wa sikio kwa wembe, akakinga kwenye kata ya kibuyu, akachukua kijiti kilichomenywa. Alikoroga kwa mkono mwepesi, bila kusita, akimwimbia ng'ombe kitu kwa Kisukuma, mpaka nyuzi nyeupe zikasokotana kwenye kijiti akazirusha nyasini.

"Itaganda tena?" aliuliza Mwahija.

"Haigandi."

"Hata nikiiacha juani?"

"Nimesema haigandi. Nimekoroga damu miaka arobaini."

"Wote mmesikia," alisema Mwahija, na watu wakasema wamesikia.

Alichota kidogo, akaichanganya na maji ya chumvi, akatia matone matatu kwenye vishimo vitatu. La kwanza aliliongezea maji ya chumvi peke yake. La pili, bakteria wa Paskazia waliokufa. La tatu, bakteria walewale na maziwa ambayo Nyamizi alikuwa ameyakamua njiani, wakiwa wamesimama nyuma ya kichaka. Kisha hakutikisa yeye. Alimpa Mageni kigae.

Bibi alikitikisa. Ng'ombe walisimama, mtunza josho alifunga geti aje atazame. Daftari lilisema damu ya ng'ombe inafaa, lakini daftari halikuwahi kufika joshoni.

Tone la kwanza lilibaki laini. Tone la pili likaanza kufanya mawingu, mawingu yakawa punje, punje zikakusanyika zikaachana na maji, wazi kabisa, kwa kila mwenye macho.

Mageni aliacha kutikisa. "Hii nimeikoroga mimi," alisema.

"Ni wewe."

"Haiwezi kuganda."

"Haijaganda, mayu. Imeshikwa." Mwahija alinyoosha kidole kwenye sikio la ng'ombe mwekundu, ambako kupe watatu walikuwa bado wameng'ang'ania kwa ndani, pale dawa isipofika. "Kama hao. Kupe anayetembea juu ya ngozi hana madhara, atadondoka. Ni yule aliyeshika. Tumboni mwa Paskazia wamo wadogo kuliko hao, wameshika ukuta wa utumbo kama unavyowaona wameishika damu ya ng'ombe wako. Sasa tazama la tatu."

Bibi alilitazama la tatu. Lilikuwa laini kama la kwanza. Alitikisa tena kwa nguvu, kama anayemtaka shahidi abadilishe maneno. Laini.

"Hilo lina wadudu walewale," alisema Mwahija. "Wamo. Lakini hawajapata pa kushika. Maziwa ya Nyamizi yamewazuia."

Mageni alikuwa na uwezo wa kupindisha hoja yoyote, Mwahija alilijua hilo, akasubiri ipinde. Haikupinda. Bibi aliketi chini, juu ya ukingo wa josho, kaniki yake kwenye matope, akakiweka kigae mapajani.

"Nilikuwa na Sayi," alisema, si kwa Mwahija wala kwa mtu yeyote. "Na baada yake Kabula. Walianza hivihivi. Mama mkwe wangu aliniambia maziwa yangu yamechafuka, na mimi nikamwamini, nikawaachisha. Niliyakamua nikayamwaga kwenye majivu. Wote wawili." Aligusa kifua chake. "Nilikuwa nayo mengi."

Mwanamke mmoja alianza kulia. Mwahija naye alikuwa akilia na hakujificha. Hakuwa amekuja kumfanyia bibi huyu jambo hilo, na kama angejua, labda angetafuta njia nyingine, lakini njia nyingine haikuwepo na mtoto alikuwa mgongoni.

Mageni alifungua fundo la khanga kifuani. Alimzungusha Paskazia mbele, akamtazama. Kisha akainua sauti, ile anayowaitia ng'ombe.

"Nyamizi! Umesimama huko kichakani unangoja nini? Mwanao ana njaa!"

Nyamizi alikuja mbio mpaka ndala moja ikamvuka mguuni. Alikaa palepale kwenye matope, ubavuni mwa mkwewe, akafungua gauni. Mwanzoni mtoto hakuweza, mdomo uliteleza, na maziwa yakamwagika shavuni. Mageni mwenyewe alimshika kichwa kile kidogo, akakielekeza, akasema neno moja kwa Kisukuma. Na Paskazia akashika. Alishika kwa nguvu zake zote zilizobaki, ngumi imefumbwa kwenye gauni la mama yake, na koo lake likaanza kupanda na kushuka.

Watu walipiga vigelegele kana kwamba wamefikisha bibi arusi. Mageni aliwageukia kwa hasira, macho yamejaa.

"Mnatazama nini? Hamjawahi kuona mtoto ananyonya? Pitisheni ng'ombe!"

* * *

Lori la Ijumaa lilikwenda Kishapu na nafasi moja tupu. Paskazia alirudishwa kituoni, akapewa titi na kijiko kwa zamu, na Jumapili alimkojolea Bwana Nassibu, jambo ambalo mganga yule alilitangaza wodini kama habari ya redio. Jumatano iliyofuata alicheka. Makoye alikuja mbio kutoka machimboni na udongo mwekundu bado kwenye nywele, akakuta mke wake na mama yake wamekaa mkeka mmoja wakichambua pamba, akauliza kumetokea nini, hakuna aliyejisumbua kumjibu.

Alhamisi ya nne, Mwahija akiwa anachemsha vioo, aliona kundi linapanda njia ya kituo. Mbele alikuwa Mageni. Mgongoni alikuwa Paskazia, mnene, akivuta hereni ya bibi yake. Nyuma walifuata bibi watatu wenye nyuso ngumu, na kila bibi nyuma yake binti aliyeinamisha kichwa, na kila binti kifua kimelowa.

Mageni aliingia bila kubisha. Aliweka kata mezani, na ndani yake damu ilikuwa nyekundu, laini, imekorogwa asubuhi hiyohiyo.

"Leta kigae, Mama Mwasiti," alisema. "Hawa wanasema maziwa ya wakwe zao yamechafuka. Nimewaambia waje waone wenyewe, mimi nitatikisa." Kisha alifungua kitambaa, akatoa viazi vitamu vilivyochemshwa, akavitazama, akavisukuma mbele ya Mwahija. "Lakini kwanza tule. Tugawie."

Mwahija alinyoosha mkono kwenye ndoo anawe.

"Wewe gawa tu," alisema Mageni, na akawa wa kwanza kupokea.